Zamu ya Fulgencio

Katika mji wa Guembé hakuna mtu aliyewahi kumwona Bi Casilda Benegas akipanda lile lori.

Kila mwaka, mwezi wa tisa, siku tatu kabla ya kumbukumbu ya vita, lori la Quiñónez lilisimama mbele ya kanisa. Wanawake walipanda na vikapu vya mikate ya chipa, mishumaa, na vitambaa vya kuvika misalaba vilivyopigwa pasi, wakavilaza mapajani kama watoto wachanga. Walikuwa wanakwenda kuvuka mto na kuingia nyika ya Chaco, hadi Pozo Ynambu, mahali ambapo Kikosi cha Askari wa Miguu cha Guembé kilikwisha. Kilikwisha, hakuna neno jingine. Walitoka wanaume mia tatu na sita, wengi wao hawajaota ndevu za maana, wakarudi kumi na tisa. Mnara wao uko palepale walipoangukia. Ni jiwe la kijivu, refu kama watu watatu waliobebana, lina msalaba juu, majina ubavuni, na chini yake chumba cha mifupa.

Bi Casilda alikuwa akisimama mlangoni kwake kuwatazama, mkono kiunoni, sigara nene ya tumbaku nyeusi mdomoni.

"Bi Casilda, panda basi!" Quiñónez alimpigia kelele kila mwaka. "Safari hii nimeweka mabenchi!"

"Weka na vitanda. Mimi siendi kulilia saruji. Ndugu yangu ninaye hapa, hatua mia mbili kutoka jikoni kwangu."

"Haya, mwenye bahati yake!"

"Si bahati. Nilimfuata mwenyewe, kwa miguu yangu hii."

Lori likaondoka. Nyuma kabisa, juu ya gunia, alikaa Bi Deolinda Ovelar na kitambaa chake, na hakuwahi hata mara moja kuinua macho amtazame Casilda. Casilda aliona ni wivu. Miaka thelathini aliona ni wivu.

Ukweli ni kwamba alimfuata kweli. Hilo hakuna wa kumnyang'anya.

Wakati vita vinaanza, Casilda alikuwa msichana wa miaka kumi na minane, na nyumba yao ilikuwa na watu watatu: mama yake Salustiana, yeye, na Fulgencio kaka yake. Baba alikuwa ameshakufa, amewaachia ng'ombe kumi na mmoja na chuma cha chapa, nusu mwezi wenye msumari katikati. Siku Fulgencio alipoitwa jeshini, alichukua pembe ya fahali wao mzee aliyekuwa amechinjwa mwaka ule, akaikata, akaing'arisha kwa mafuta, akaichoma kwa kile chuma. Akapata kikombe cha kunywea tereré, yaani majani ya yerba katika maji baridi, kilicho na chapa ya nyumba.

"Sasa hata nikipotea," alisema, "mtajua ng'ombe wenu yuko zizi gani."

Mama yake alimpiga na taulo la jikoni kwa maneno hayo.

Hakurudi. Ilikuja karatasi, padri akawasomea. Mama Salustiana alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja tu: "Yuko wapi?" Padri akasema yuko mikononi mwa Mungu. "Nimeuliza yuko wapi," mama akasema. Tangu siku hiyo, ukimletea chakula alikuuliza yuko wapi, ukimletea maji alikuuliza yuko wapi. Macho yake yakaanza kuingia ukungu, na bado aliuliza.

Ndiyo maana miaka mitatu baada ya amani, Casilda aliuza ng'ombe wawili akaenda. Alikwenda na Bi Deolinda Ovelar, ambaye alikuwa jirani yao ng'ambo ya kijito na mwanawe Toribio alikufa siku ileile, handaki lilelile. Walipanda mashua ya mto siku nne, wakapanda treni ya magogo, wakakalia magogo, kisha wakapata mkokoteni wa ng'ombe wa mtu mmoja aliyekuwa akiokota vyuma vya vita auze. Bi Deolinda alikuwa mtu mzima, mara mbili ya umri wa Casilda, na njia nzima alimhudumia kama bintiye. Alimfunga kitambaa kichwani kwa ajili ya mbu, akamwachia upande wa kivuli.

"Mwanangu, kunywa wewe kwanza," alikuwa akisema. "Mimi nimezoea kiu. Nimelea watoto watano."

Pozo Ynambu wakati huo hapakuwa na mnara wala njia. Palikuwa na miiba, mchanga mweupe, na mashimo. Yule mwokota vyuma akawaonyesha handaki la kikosi cha Guembé, akaenda zake kutafuta shaba. Mvua zilikuwa zimeangusha kuta. Walichimba kwa mikono na kipande cha sufuria, na kabla jua halijafika kichwani walikuta watu. Hawakuwa wamelala kwa mpangilio wowote. Walikuwa wamekaa kwa duara, wengine wameangukiana, vitambaa vya sare vimeshaoza, viatu bado vizima.

Casilda ndiye aliyekiona kikombe. Kilikuwa kati ya mifupa ya vidole vya mmoja wao, chapa ya nusu mwezi imeelekea juu kama vile mtu alikuwa ameiweka hivyo ili ionekane.

Hakulia. Alifungua gunia la majani ya yerba alilokuja nalo tupu, akaanza kumkusanya.

Bi Deolinda akasogea karibu, magotini. Alikuwa ametazama wengine wote.

"Casilda, mwanangu, ngoja kidogo. Hebu nimwangalie huyo mdomoni."

"Ya nini?"

"Toribio wangu alivunjika jino la mbele. Alianguka kwenye kinu cha muwa, mwenyewe unakumbuka. Hawa wengine hawana, na wale wawili vichwa vimepasuka, sioni. Hebu nimwangalie tu."

"Huyu ni Fulgencio. Kikombe chake hiki. Chapa yetu hii."

"Sikatai, mama. Niangalie tu, roho yangu itulie."

Casilda akakunja mdomo wa gunia, akaufunga kwa kamba, fundo juu ya fundo.

"Huyu ni wangu," akasema. "Tafuta wako."

Bi Deolinda akabaki pale magotini. Baada ya muda akasema, "Haya," akajipangusa mikono. Njia nzima ya kurudi aliendelea kumwachia upande wa kivuli.

Nyumbani, Casilda aliosha mifupa kwa pombe ya muwa, moja moja, juu ya meza ya kulia. Mama Salustiana alikaa karibu. Macho yalikuwa yamekwisha, lakini mikono ilikuwa inaona. Akaomba apewe kichwa. Akakipapasa paji la uso, mashimo ya macho, akashuka mpaka kwenye meno. Kidole chake kikasimama hapo.

"Fulgencio alikuwa na meno kama mahindi mabichi," alisema. "Yote."

Casilda alikuwa ameshaliona. Aliliona palepale handakini, kabla hata Bi Deolinda hajafungua mdomo. Jino la mbele, limekatika kwa mshazari.

"Vita, mama," alisema. "Bomu limemvunja."

Mama yake akakipakata kile kichwa. Halafu akakirudisha mezani taratibu. "Basi mzike," akasema. Na hakuuliza tena yuko wapi, mpaka alipokufa mwaka uliofuata.

Basi Casilda akamzika. Alimjengea kijumba kidogo cha matofali makaburini, sanduku la mbao ya mwerezi ndani, msalaba mbele, na kila mwaka alimtengenezea msalaba kitambaa kipya. Bi Casilda hakujua kusoma zaidi ya jina lake, lakini herufi alizijua kwa sindano, na hakuna mwanamke Guembé aliyemshinda kwa kitambaa cha msalaba. Watu walitoka vijiji vya mbali kumwagizia. Aliolewa, akafiwa, hakupata mtoto. Ng'ombe walikufa, akanunua wengine. Kiburi chake kilikuwa kwenye kile kijumba. Mji mzima una wafu wa Pozo Ynambu, na yeye peke yake ndiye mwenye kaburi.

Mnara ulipojengwa, miaka kumi baadaye, jeshi lilikusanya mifupa yote ya mahandakini na kuiweka chini ya jiwe. Akaja ofisa kijana na orodha ya majina yatakayochongwa. Alikuwa na adabu, alikataa hata kukaa.

"Benegas, Fulgencio," akasoma. "Tuandike hivyo, Bi?"

"Msiandike kitu. Ndugu yangu hayuko kwenye lile rundo lenu."

"Lakini Bi, alikufa na kikosi. Jina ni heshima tu."

"Heshima yake anaipata hapa. Kuna wake za watu na mama za watu wamebaki na jiwe, waachieni nafasi. Fulgencio ana msalaba wake, hahitaji kupangwa foleni ubavuni."

Ofisa akampa karatasi ya kukataa, naye Casilda akasaini jina lake, herufi kubwa, bila kutetemeka. Jina likafutwa kwa mstari mmoja.

Na kuna jambo la mishumaa, ambalo Bi Casilda hakupenda kulifikiria hata kabla ukweli haujasemwa.

Kila Siku ya Wafu, Bi Deolinda alipomaliza kwa mume wake na kwa wazazi wake, alikuwa akifika kwenye kijumba cha Benegas na kuwasha mshumaa mmoja. Hakuomba ruhusa. Mara ya kwanza Casilda alimkuta ameinama.

"Bi Deolinda, umepotea kaburi."

"Sikupotea. Namwashia Fulgencio. Nasema labda na kule wangu aliko, mama wa mwingine anamwashia."

"Washa kwako. Huyu ana watu wake."

Alisubiri Bi Deolinda aondoke, akauchukua ule mshumaa, akauzima kwa vidole, akauweka juu ya ukuta wa uzio. Mwaka uliofuata hivyohivyo. Mwaka uliofuata tena. Bi Deolinda aliona, kwa maana mishumaa ilikuwa ikikaa ukutani mpaka jua likaiyeyusha, na bado alirudi. Miaka arobaini kasoro mmoja. Halafu akafa, mwezi wa saba, baridi ilikuwa kali, ana miaka themanini na zaidi. Casilda alimtengenezea kitambaa cha msalaba bila malipo, kizuri sana, na aliona ametimiza ujirani.

Miezi tisa baada ya hapo alirudi Eladio Frutos.

Eladio alikuwa mmoja wa wale kumi na tisa. Alitolewa Pozo Ynambu juu ya machela na vyuma mgongoni, na baadaye siasa zilipochafuka akavuka mpaka, akafanya kazi ya kuoka mikate Buenos Aires miaka thelathini na zaidi. Sasa alirudi mzee, anachechemea, mke amemfia huko, na kila nyumba ya Guembé ilimwita ili imwangalie. Bi Casilda naye alimwita. Alikuwa rafiki wa Fulgencio, na kwa rafiki wa Fulgencio alifanya kitu ambacho hakuwahi kumfanyia mtu. Alifungua sanduku la nguo, akatoa kile kikombe cha pembe. Mji mzima haukujua kama kipo. Watu walipomuuliza alimtambuaje ndugu yake, jibu lake lilikuwa moja: "Mimi namjua ndugu yangu."

Walikaa chini ya kibaraza, asubuhi, jagi la maji baridi lenye majani ya mnanaa miguuni. Casilda alijaza yerba, akachomeka mrija, akamwaga maji ya kwanza, yale ya Mtakatifu Tomaso, yaliyoachwa yanywewe na majani. Ya pili akampa mgeni.

Eladio akakishika. Akakigeuza. Akapitisha kidole gumba juu ya nusu mwezi, na uso wake wote ukafunguka.

"Ee Mungu wangu. Hiki! Casilda, hiki ndicho!"

"Ndicho."

"Mimi ndiye niliyekuwa namimina, unajua? Siku ileile. Sijui wewe umekipataje, lakini mimi ndiye nilikuwa na maji." Alicheka, macho yamejaa. "Tulikuwa wanane. Maji yenyewe tope, kila mtu alikamua chupa yake, tukapata robo jagi. Tukasema tusiyanywe kama ng'ombe, tuyanywe kama watu, kwa zamu. Na huyu kaka yako, na kiburi chenu nyinyi Benegas, akasema kikombe ni cha kwangu, nyumba ni ya kwangu, wageni kwanza, mimi wa mwisho."

Bi Casilda alikuwa ametabasamu. "Ndiye huyo."

"Ndiye! Basi kikazunguka. Mimi namimina, nampa huyu, ananirudishia, nampa yule. Kikafika kwa Toribio Ovelar. Unamkumbuka Toribio, yule wa jino? Kakishikilia, anavuta kidogo kidogo kama padri. Fulgencio yuko kando yake anangoja, anamsukuma bega. 'Wewe, hicho ni kikombe au ni rozari? Mbona unakishika unasali?' Sote tukacheka. Na wakati tunacheka ndipo bomu likaanguka."

Akanywa, akavuta mpaka mrija ukalia, akamrudishia kikombe.

Bi Casilda hakukipokea. Mkono wa Eladio ulibaki hewani.

"Nani alikuwa nacho?" aliuliza.

"Nimekwambia. Toribio. Kaka yako alikuwa hajanywa."

Mtoto wa miaka mitano wa Guembé anajua kwamba kikombe cha tereré hakikai kwa mwenyewe. Kinazunguka. Mtu akikuonyesha kikombe mkononi mwa mwingine, hujui kabisa ni cha nani, unajua tu ilikuwa zamu ya nani. Bi Casilda alikuwa amenywea vikombe vya namna hiyo tangu ana meno ya utoto, akavipokea na kuvirudisha mara elfu na elfu, na pale handakini aliona chapa tu.

Au aliona na jino. Hilo ndilo lililomkalisha kitini mpaka jua likamfikia miguuni na Eladio akaaga akaondoka.

Wiki sita hakumwambia mtu. Alikamua ng'ombe, alitengeneza jibini, alishona vitambaa vya watu. Alijiambia kwamba Eladio ni mzee na wazee wanachanganya. Alijiambia kwamba bomu lilirusha kila kitu, kikombe kingeweza kuruka mkono hadi mkono. Alikuwa hodari wa kujiambia. Lakini mezani kila alipokula alikiona kidole cha mama yake kimesimama juu ya lile jino. Mama aliyekaa mwaka mzima wa mwisho bila kuuliza tena. Casilda siku zote alidhani aliacha kuuliza kwa sababu alijibiwa.

Asubuhi moja ya mwezi wa sita alijifunga shali, akaenda makaburini na ufunguo wa kijumba. Akafungua sanduku. Hakuhitaji kutazama sana. Akalifunga, akakaa juu ya tofali, akautazama ukuta wa uzio. Ulikuwa na madoa ya nta, mviringo baada ya mviringo, meupe na ya njano, mengine yameshakuwa meusi. Alijaribu kuyahesabu akashindwa.

Kutoka hapo akaenda moja kwa moja ng'ambo ya kijito, kabla hajabadili nia.

Rufina Ovelar, bintiye Bi Deolinda, alikuwa anachambua maharage uani. Ni mwanamke wa miaka sitini, mpole, mwenye sauti ndogo kama ya mama yake. Casilda hakukaa. Alisimama katikati ya ua na kulisema lote kwa mpigo mmoja: kikombe, duara, zamu, jino, gunia, fundo.

Rufina hakuacha kuchambua maharage mpaka Casilda alipofikia neno gunia. Hapo mikono ikasimama.

"Uliliona jino," alisema.

"Niliona."

"Mama alikuomba aangalie."

"Aliomba. Mara mbili."

"Na ukamwambia nini?"

"Nilimwambia atafute wake."

Rufina akaweka ungo chini. Kuku mmoja akaja akaanza kudonoa maharage, wala hakumfukuza.

"Unajua mama alikuwa anasema nini kuhusu wewe?" alisema mwishoni. "Alikuwa anasema, 'Casilda si mbaya, ni mtoto aliyetumwa na mama yake, asingeweza kurudi mikono mitupu.' Kila ulipouzima ule mshumaa alirudi hapa akasema hivyo. Mimi nilikuwa nakasirika, nasema mama, acha kwenda. Anasema, 'Sasa Fulgencio ana kosa gani?'"

"Rufina."

"Alikuwa anamwashia mwanawe, Bi Casilda. Miaka yote ile. Alikuwa amefika, na wewe unamwambia amepotea kaburi."

"Najua."

"Hujui. Wewe hujazaa." Halafu akajutia neno hilo, ilionekana, lakini hakulirudisha. "Umekuja kuniomba nini?"

"Sikuja kuomba. Nimekuja kumrudisha."

Wakamzika Toribio Jumamosi, kaburi moja na mama yake. Bi Casilda alibeba sanduku mwenyewe kutoka kwenye kijumba, akakataa kusaidiwa, na watu wa Guembé walitoka milangoni kumtazama anavyopita. Wengine hawakumwamkia. Quiñónez alivua kofia, na safari hii hakuwa na mzaha. Kitambaa cha msalaba kilikuwa cha Casilda, kimeshonwa kwa siku nne, majina mawili, la mama na la mwana. Alipokwisha kukitandika, aliwasha mshumaa akarudi nyuma.

"Uache hapo," alisema Rufina, pale alipoona mkono wa Casilda unasogea kuunyoosha, labda tu kwa sababu ulikuwa umeinama. "Usiuguse."

Mkono ukarudi.

Kijumba cha Benegas kikabaki wazi, tupu. Na kule Pozo Ynambu, chini ya jiwe lenye majina ya watu mia mbili themanini na sita, kulikuwa na mtu mmoja zaidi, wa mia mbili themanini na saba, ambaye kwa miaka thelathini wanawake wa mji mzima walikuja na vitambaa vyao wakaweka kwa ajili ya kila mtu isipokuwa yeye. Hakuna aliyemtaja, kwa maana dada yake alisaini asitajwe.

Mwezi wa tisa lori lilisimama mbele ya kanisa. Bi Casilda alikuja na kikapu kimoja. Mabenchi yalikuwa yamejaa, au wanawake walijifanya yamejaa. Akatupa kikapu juu, akapanda kwa kushika ubao, ana miaka sitini na mitano, akaenda nyuma kabisa akakaa juu ya gunia, pale alipokuwa akikaa Bi Deolinda. Jua la Chaco linapiga upande ule tangu asubuhi mpaka jioni. Hakuna aliyemwambia asogee, naye hakusogea.

Walipofika alitembea peke yake kuuzunguka mnara. Majina hakuweza kuyasoma, lakini alipitisha vidole, safu baada ya safu, akitafuta herufi za mwanzo za jina ambalo aliwahi kulishona mara arobaini. Alifika chini, akaanza tena juu.

"Halipo, Bi Casilda," alisema nyuma yake Eladio, aliyekuja na lori lilelile. "Mwenyewe unajua halipo."

"Najua. Nilitaka kuona ukubwa wa nafasi."

"Jiwe limejaa. Nilimuuliza mlinzi. Anasema labda tuandike barua makao makuu."

"Andikeni. Mpaka ijibiwe, hiki hapa." Akatoa kitambaa. Hakikuwa na maua, hakikuwa na lasi wala pindo la madoido. Kilikuwa cheupe, na jina lote, Fulgencio Benegas Ortellado, kwa herufi nyeusi ndefu kama kiganja, zionekane na mtu aliyesimama mbali. Akakifunga kwenye chuma cha mlango wa chumba cha mifupa, fundo juu ya fundo, kisha akafikiri kidogo akalifungua moja.

Baada ya sala wanawake walikaa kivulini mwa jiwe, kwa duara. Rufina alikuwepo. Bi Casilda alisimama pembeni na kikapu chake.

"Sijakusamehe," Rufina alisema, kwa ile sauti ndogo, wote wakisikia. "Lakini kaa. Utaanguka na hilo jua, halafu tukubebe."

Akakaa. Akatoa kikombe cha pembe, yerba, chupa ya maji aliyoitunza tangu mtoni bila kuinywa. Akampa Eladio. "Mimina wewe. Ulikuwa wewe."

Eladio akamimina ya Mtakatifu Tomaso, kisha akaanza kuzungusha. Wanawake wanane. Kila mmoja alivuta mpaka mrija ukalia, akarudisha. Kilipofika kwa Rufina alikishika kwa muda, kidole juu ya ile nusu mwezi, na hakuna aliyemwambia aharakishe. Kilipomfikia Bi Casilda alitikisa kichwa, hakunywa. Akainuka nacho kimejaa, magoti yakilia, akaenda mpaka kwenye mlango wa chuma, chini ya kitambaa. Akakiinamisha. Maji yaliingia kwenye mchanga mweupe polepole, na mchanga wa Chaco haukuacha hata unyevu juu.

Alisubiri pale kidogo, kama mtu anavyomsubiri mnywaji. Huko kwetu, asiyetaka tena husema asante wakati anarudisha kikombe, na mpaka aseme, zamu yake haijafutwa.

Akarudi, akampa Eladio kikombe.

"Vipi," Eladio aliuliza taratibu, "tumruke?"

"Hajasema asante," alisema Bi Casilda. "Jaza tena."